Mke wa Kaisari Augusto na Mbuzi Wangu

Kaisari Augusto tunamsoma kanisani kila Krismasi, yule aliyeamuru watu wote wakaandikwe, na miaka yote hiyo hakuna mchungaji aliyetuambia kama ana mke. Niliambiwa na mjukuu wangu Atupokile, mwaka ule mitumba ilipojaa sokoni Tukuyu. Alikuwa amepata nafasi chuo kikuu, Dar es Salaam, kusoma historia, na baba yake, mwanangu Ambwene, amekataa. Kiwanda cha chai kimepata mwenyewe mpya, anatafuta makarani. Ambwene akasema binti atapima majani ya chai. Wafu wa Ulaya wajisomee wenyewe.

Mtoto akaja kwangu Kawetele na kitabu chake, macho mekundu. Nikampa ndizi amenye huku akinisimulia.

"Anaitwa Livia, bibi. Barazani hakuwa na kiti. Lakini mumewe akiwa na jambo zito la kumwambia, aliliandika kwanza, asije akasema pungufu au zaidi."

"Alikuwa anamwogopa."

"Wapo wanaosema alimuua kwa tini zenye sumu."

"Mwanamke akiwa na akili lazima wamtafutie sumu. Babu yako kala ndizi zangu miaka arobaini hadi uzee ulipomchukua, hata tumbo halikumuuma. Endelea."

Aliposema Livia alifuma nguo za mumewe nyumbani, kimya, huku akipanga nani atawale, nilicheka. Sisi Wanyakyusa, mke hamtazami baba mkwe wala hamsemeshi. Nami baba mkwe wangu ndiye aliyekuwa na neno la mwisho. Basi nilisema na mbuzi. "Gwe mbuzi, Ambwene angepelekwa shule, sijui wazee wanaonaje." Mzee yuko nyuma ya ukuta, anasikia. Mwezi haukuisha akatangaza kuwa amewaza, mtoto aende shule. Watu wakamsifu kwa busara.

Kesho yake asubuhi Ambwene akaja kutoka kwake, Msasani ya hapa hapa Tukuyu, kuniwekea miti ya kuegemeza migomba. Nikamfungua mbuzi, nikasimama naye karibu.

"Gwe mbuzi, hata Kaisari alimsikiliza mwanamke. Sisi tuna binti mwenye akili, tunampeleka kwenye mizani."

Ambwene akashusha panga. Hakugeuka.

"Gwe mbuzi," akasema, "mwambie mama hila hiyo naijua tangu nanyonya." Akaokota mti mmoja. "Mwambie na hili. Mke wangu ana mwaka wa tatu kaburini. Huyu mtoto akiondoka, jioni nitaongea na nani?"

Nilikuwa na kejeli tayari mdomoni. Nikaimeza. Muda wote huo nilidhani ni ukaidi tu.

"Gwe mbuzi," nikasema, "mwambie Ambwene mama yake anahamia kwake Msasani Jumamosi. Anakoroma, na chai anataka ya maziwa."

Akaegemeza mgomba wa kwanza, wa pili. Kisha akanigeukia mwenyewe.

"Mama, kwangu hakuna pa kumfunga mbuzi."

"Basi muuze," nikamwambia, "umnunulie mtoto sanduku la safari."