Kiapo Bila Neno Upendo

Mzee Benson wa usharika wetu alituambia turudi kufunga ndoa Lusungu akipona. Akipona! Utadhani kiharusi ni mafua. Mwaka mzima na ushee mume wangu anatembelea fimbo, mkono wa kulia umelala, na maneno yaliyombakia ni ya vitu tu. Nikasema hatusubiri.

Nasema mume wangu ingawa huyo mzee wa kanisa hapendi nimwite hivyo. Tumeishi pamoja hapa Mtoni miaka kumi na tisa, watoto watatu, bila ndoa ya kanisani. Ni Lusungu mwenyewe aliyetaka tubariki ndoa. Tulikuwa wiki ya tatu ya mafundisho alipoanguka kwenye karakana yake ya useremala Keko, randa mkononi.

Nasim, mtaalamu wa usemi anayemfundisha, alimpa kadi zenye maneno mbele yangu. "Msumeno," akasoma Lusungu. "Kikombe. Mbuzi." Ilipokuja kadi ya "haki", akaigeuza nyuma kutafuta picha. Nasim akanieleza kwamba neno la kitu lina mizizi mingi kichwani, kwa sababu umekiona kitu chenyewe, umekishika, umekinusa. Neno kama haki mizizi yake michache, likitikiswa linang'oka.

"Akili yake ipo, dada," akaniambia. "Mletee vitu, atakujibu."

Jumamosi tukaitwa ofisi ya usharika, mbele ya Mchungaji Edgar na Mzee Benson. Lusungu alitakiwa kufuatisha kiapo. Akishindwa, ndoa yetu haitangazwi.

"Sema: nitakupenda kwa uaminifu," Mchungaji akasema taratibu.

Lusungu akafungua kinywa. Jasho likamtoka. "Ni... ni... ni..."

Mzee Benson akafunga kitabu. "Ndoa ni ridhaa, Mama Brightson. Huyu hajui hata anachoulizwa."

Hasira zikanipanda. Shikamoo yake nilikuwa nimeshampa mlangoni, nyingine sikuwa nayo.

"Mzee, nyie mnamuuliza kwa maneno ambayo hana, halafu mnasema hana akili! Muulizeni kwa aliyo nayo." Nikamgeukia mume wangu, nikajigonga kifua. "Baba Brightson. Mimi. Pete. Kanisa. Na wewe?"

Akasimama. Ilimchukua muda, na sikumsaidia, maana hapendi kushikwa. Akaninyooshea kidole cha mkono wa kushoto.

"Atu," akasema. Jina langu Atuganile, na hilo hajawahi kulipoteza. "Atu. Uji. Kijiko. Kitanda... mkojo. Shuka. Atu, shuka."

Mzee Benson akatazama sakafu. Lusungu hakuona aibu, na mimi sikuona.

"Nyumba," akaendelea, akipiga nyundo hewani. "Mimi. Paa. Mvi. Mimi, Atu, mvi."

Mchungaji alikuwa amevua miwani. "Mpaka kifo kiwatenganishe?" akauliza. Neno likampita Lusungu. Mchungaji akafikiri kidogo, akajaribu tena. "Jeneza?"

Lusungu, ambaye ameshapigilia majeneza ya nusu ya Temeke, akacheka. "Jeneza," akasema, akainua vidole viwili. Kisha akakunja kimoja. "Kaburi."

Nililia, sina sababu ya kuficha. Mchungaji Edgar akafungua shajara yake na kusema atatutangaza Jumapili.

Mzee Benson akanisogezea kile kitabu. "Basi angalau wewe utasoma kiapo kama kilivyo. Wewe ni mzima."

Nikakirudisha mezani. "Sisomi. Namwapia nani, kama anayeapiwa hanielewi?"

Nikaushika mkono wa Lusungu uliolala.

"Wembe," nikamwambia. "Ndevu zako. Ngazi za hospitali, mgongo wangu. Dawa, maji, kikombe. Wageni sebuleni, wewe kiti cha mbele. Mkono huu." Nikaubana. "Mkono huu, mpaka udongo."

Aliitikia kwa kichwa kila neno, bila kuruka hata moja. Tangu tuingie ofisini mle, hiyo ndiyo mara ya kwanza kumwona ametulia.

Mzee Benson akauliza kama kweli hayo ndiyo nitakayoyasema mbele ya usharika mzima.

"Hayohayo, Mzee," nikamjibu. "Tena kwa kipaza sauti."