Kahawa Isiyotafunwa

Shufaa alipokea punje yake ya kahawa, akaipeleka mdomoni, kisha akairudisha kiganjani bila mtu kuona. Mkono ukaingia chini ya kanga, taya zikaendelea kutafuna hewa.

Wafanyabiashara wa Nyakahanga walikutana kila Ijumaa baada ya swala, barazani kwa Mzee Mgeni. Mwenye shida ya biashara huitoa hadharani, kikapu cha kahawa ya kutafuna kikazungushwa, na kila atafunaye huwa ameapa: nimesikia, nitasaidia, sitamgeuka mwenzangu. Urafiki wa kahawa walijifunza kwa Wanyambo, wenyeji wao, nao wakautia mambo ya dukani. Shufaa, mjane aliyerithi duka la mumewe, ndiye mwanamke pekee pale, na tangu siku ya kwanza aliona ni kichekesho. Mfanyabiashara gani mwenye akili timamu anajivua nguo mbele ya washindani wake?

Siku hiyo aliyejivua ni Zubeiri.

"Jamani, nimeumia. Ngozi nilizonunua Rugu zina wadudu. Kwa macho ni nzima kabisa, lakini zikikaa kidogo ghalani zinatoboka kama chujio. Nimezichoma zote. Nawaombeni, msinunue Rugu kwa sasa. Na mwenye ushauri anisaidie."

"Pole sana," wakasema wote. Shufaa alisema kwa sauti kubwa kuliko wote.

Zubeiri akamgeukia. "Umetafuna, dada?"

"Nimetafuna, kaka."

Thubutu! Njia nzima alicheka moyoni. Kumbe anatuona watoto wadogo! Wote wakiiogopa Rugu, nani atabaki kununua ngozi huko kwa bei ya kutupa? Si yeye? Alipopita nyuma ya nyumba ya Zubeiri, harufu ya ngozi iliyoungua ikamkaba koo. Amechoma moja tu ili tunuse, akajiambia. Mjanja yule.

Kesho yake alifika Rugu na wapagazi, wamebeba majora yote ya kaniki yaliyokuwa dukani. Wenye ngozi walibadilishana naye upesi, bila hata kubishana, naye akaona ni bahati. Aliporudi alizipanga ghalani, juu ya ngozi zake safi alizokuwa akizikusanya tangu masika azipeleke Bukoba. Hizo ndizo zilizokuwa zikingojewa kulisha nyumba na kujaza duka upya.

Siku ya kufunga mizigo, kidole chake kilipenya ngozi ya kwanza. Ya pili vilevile. Akafukua kwa pupa mpaka akazifikia zake mwenyewe, na wadudu weusi wakamwagika miguuni pake. Alikaa palepale chini akalia kwa sauti, mtu mzima yule, na dukani rafu tupu.

Ijumaa alikwenda barazani, akaeleza yote isipokuwa ile punje.

"Kwa hiyo uliniona mwongo," alisema Zubeiri.

"Nilikuona mwongo, kaka. Nisamehe."

Zubeiri alimkazia macho, kisha akashusha pumzi. "Zipo zilizopona?"

"Chache, za chini kabisa."

"Zilete kwangu leo hii. Tuzitundike juu ya moshi kabla wadudu hawajazifikia."

Hata hapo, moyo wa Shufaa uliuliza: anataka nini huyu? Akaukemea unyamaze.

Kikapu kikazunguka. Ramadhani, kijana aliyefungua duka juzijuzi, akachukua punje yake.

"Pole sana, mama," alisema, kwa sauti kubwa kuliko wote. "Na hao watu wa Rugu, bado wamebakiwa na ngozi nyingi?"

Shufaa alimtazama. Taya za kijana zilikuwa zikienda vizuri tu, ila ngumi yake ya kulia ilikuwa imezama mfukoni mwa kanzu.

"Ramadhani, mwanangu," alimwambia, "tafuna."

"Nimeshatafuna, mama."