Nambooze Apanga Nyimbo za Mumewe

Nimeshika maikrofoni kwenye sherehe za utambulisho wa wachumba huku Buganda tangu sijaota ndevu, na mpiga muziki wangu siku zote ni Lubwama wa Kyengera. Mimi naongea, yeye anapiga. Tumegombana kuliko wanandoa wengi ninaowafahamu, lakini hatujawahi kuaibika mbele za watu mpaka Jumamosi ile ya Mpigi.

Hema zilikuwa zimesimama, matoke yanafuka ndani ya majani ya mgomba, na upande wa mwanamume umejipanga langoni na kanzu zao nyeupe, wanangoja muziki wa kuingilia. Nikamgeukia Lubwama nimpe ishara. Ametoa macho kama ng'ombe aliyemeza mfupa.

"Kaddu, nyimbo hazipo."

"Hazipo vipi? Si hizo naziona?"

Kweli, majina yote yalikuwa kwenye kioo cha kompyuta. Ila kila moja lilikuwa na alama ya mshangao pembeni, na kila alipobonyeza, programu ilimjibu vilevile: faili halipatikani. Orodha ilizikumbuka nyimbo, lakini nyimbo zenyewe zilishahama.

Akampigia mkewe. Nambooze ni mwalimu wa darasa la kwanza, na sauti yake haihitaji spika.

"Mama Mirembe, umeigusa kompyuta yangu?"

"Nimeipanga. Nyimbo zote umezirundika folda moja kama nguo chafu! Sasa kila moja ina kwake. Kuna za kuingilia, za kulia, za kula, za kufagia..."

"Za kufagia! Nani anafagia kwenye sherehe?"

"Na majina nimeyasahihisha. Hivi wewe ulisoma wapi, baba? Unaandika 'Mapezi Matamu'. Mapezi ni ya samaki!"

Hapo ndipo Lubwama alipokaa chini. Programu ile ina kitufe cha kutafuta: unaionyesha folda, inakwenda kuokota kila faili lenye jina inalolikumbuka. Sasa itaokota nini, ikiwa majina yenyewe yametiwa kalamu nyekundu? Akabonyeza hivyo hivyo. Ikatafuta, ikatafuta, ikarudi na nyimbo chache tu, zile ambazo mwalimu hakuziona na kosa. Lubwama akabonyeza wa kwanza bila kusoma.

Ulikuwa wimbo wa mazishi. Alipewa na katekista, na katekista anajua kuandika.

Wageni wakaanza kuingia taratibu, vichwa chini. Mzee mmoja akavua kofia. Shangazi wa bibi harusi, Nnalubega, akatoka hemani na gauni lake la gomesi, la kijani, mshipi umekazwa kwa vita.

"Nani amekufa hapa?"

Nikaikamata maikrofoni. "Ujana wa bwana harusi, shangazi! Tunauzika leo hapa hapa. Kesho huyu ni mume wa mtu, hana tena ruhusa ya kuzurura!"

Hema zikacheka, hata shangazi akauma mdomo, lakini kidole alichoninyooshea hakikucheka. "Nikirudi hapa mara ya pili, nitawazika nyinyi."

Lubwama bado alikuwa akiwinda faili moja moja. Nambooze hakuwa amekata simu.

"Achana na hiyo orodha yako. Fungua folda ya 'Kuinua Mashangazi', piga yoyote."

"Nambooze, mpiga muziki ni mimi."

"Haya, piga."

Wageni wamesimama katikati ya uwanja kama mbuzi wa mnada. Shangazi ameshaanza kuja mara ya pili. Lubwama akameza mate, akaifungua folda ya mkewe, akabonyeza.

Shangazi Nnalubega alikuwa ameinua mguu aje atutukane. Mguu ulipotua, kiuno kilikuwa kimeshakata shauri bila kumuuliza. Mashangazi wote wakainuka nyuma yake, na upande wa mwanamume ukaingia unacheza.

Jumatatu nikaenda Kyengera, nikawakuta meza moja. Lubwama anachagua wimbo wenye alama, mkewe anamwambia umehamia wapi, yeye anaionyesha programu. Kazi nyepesi, kama si kwamba kila wimbo ulikuwa na kesi.

"Huu si wa kulia, huu wa kucheza."

"Sikiliza maneno, baba. Mwanamke ameachwa na watoto. Unacheza nini hapo?"

Wakanifanya hakimu. Wiki nzima nilikula luwombo ya Nambooze, kuku wa kupikwa ndani ya jani la mgomba, na wiki nzima nilimpa yeye ushindi.

Mwisho alama zikatoka zote, ukabaki wimbo mmoja. Lubwama akatafuta kila folda, hata ya kufagia.

"Nambooze, ule wa Entebbe uko wapi?"

Mkewe alikuwa anasahihisha madaftari. "Upi?"

"Unaujua. Tuliocheza ufukweni, siku uliponikubali."

"Uko kwenye simu yangu. Nimeuondoa huko."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu kila Jumamosi unawapigia watu wasioujua. Huyu anatafuna nao nyama, yule anatafuta kiatu chini ya kiti. Na mimi niko nyumbani nafua kanzu yako."

Mimi nikakagua dari. Baadaye Lubwama aliuchagua ule wimbo kwenye orodha, akaufuta jina na yote.

"Basi nipigie," akasema kwa sauti ya chini.

"Kaddu yupo."

"Kaddu anaondoka."

Chai yangu ilikuwa nusu kikombe, lakini nikachukua kofia. Nilipofika langoni nikausikia unaanza ndani, kwa spika ndogo ya simu inayokwaruza, na Lubwama anaimba nao, kwa sauti isiyoendana nao hata kidogo.