Kura Yenye Nyigu

Dukani kwa Beryl Sugden, katika mji wa Crawbridge kule Yorkshire, samaki na chipsi viliuzwa, matusi yalitolewa bure. Watoaji walikuwa ndugu zake wawili. Keith, kaka yake, alikuwa mtu wa chama cha Wahafidhina, na ua lake la utepe wa buluu lilikaa kifuani hata akienda kununua maziwa. Desmond, kitinda mimba, alikuwa wa Leba, chama cha wafanyakazi, na utepe wake ulikuwa mwekundu kama pua yake. Mwaka huo vyama vyao viliwasimamisha wote wawili kugombea kiti kimoja cha udiwani. Tangu hapo Beryl hakupata amani.

"Dada, kura yako naijua," alisema Desmond akidokoa chipsi za watu. "Wewe ni mtu wa jasho. Huwezi kumpa mtu anayedhani viazi huota vikiwa vimeshakatwa."

"Wala hatampa huyu," alidakia Keith. "Akiachiwa duka hili wiki moja, atagawa samaki wote halafu akutoze wewe kodi ya harufu."

"Bora mimi nagawa. Chama chako hakijawahi kugawa kitu ila lawama."

"Na chenu hakijawahi kugawa kitu ila cha jirani!"

"Choo cha sokoni mnakifungua lini?" aliuliza Beryl.

Kila mmoja alimnyooshea mwenzake kidole.

"Wao ndio waliokifunga!"

"Wao ndio waliokataa kukifungua!"

Choo chenyewe kilikuwa kimefungwa miaka na miaka. Kila uchaguzi kiliahidiwa, kila baada ya uchaguzi kilisahauliwa. Bibi vizee wa sokoni walikuwa wakikimbilia dukani kwa Beryl, miguu wameibana, na kuna siku foleni ya choo chake ilikuwa ndefu kuliko ya samaki. Wateja wengi walishaapa kwamba siku ya kura watalala. "Nyani na tumbili," walisema, "wote wezi wa mahindi."

Beryl naye alichoka, ila hofu yake ilikuwa nyingine. Mama yao alipofariki alimwachia meza ya Jumapili: nyama ya kuokwa, Keith upande huu, Desmond upande ule. Meza hiyo ndiyo kitu pekee kilichowaweka pamoja. Akimpa kura mmoja, mwingine atajua tu, maana Beryl akidanganya shingo humwiva kama kamba aliyechemshwa. Akakata shauri: hatampa yeyote. Ataiharibu kura yake, na Jumapili atawatazama wote usoni.

Siku ilipofika alikwenda kwenye ukumbi wa kanisa, akaingia kibandani. Alikusudia kuchora mchoro mmoja mkubwa, kutoka juu ya karatasi mpaka chini, uwapige wagombea wote. Ni mchoro aliokuwa akiuchora utotoni kila ndugu zake walipogombana: makalio mawili ya duara, na nyigu ametua juu yake.

Lakini penseli ya kibandani hufungwa kwa kamba, na kamba ya siku hiyo ilikuwa imejisokota kwenye msumari. Kila Beryl aliposhusha mkono, kamba iliuvuta juu. Amwite msimamizi amwambie nini? Kwamba samahani mama, kamba haifiki, nataka kuchora makalio? Akayachora madogo, hapo hapo kamba ilipoishia. Miwani alikuwa ameisahau dukani, hakuona yameangukia wapi. Akatumbukiza karatasi, akaondoka roho nyeupe.

Usiku huo, kwenye ukumbi wa kuhesabia, kura za Keith na Desmond zilitoshana. Zikarudiwa, zikatoshana tena. Ikabaki karatasi moja yenye utata. Mkuu wa uchaguzi, Bibi Pargeter, mwanamke mwembamba asiyetabasamu, aliwaita wagombea mezani. Beryl alikuwa amekaa nyuma yao, koti limefungwa vifungo mpaka kidevuni.

"Hii ni yangu," alisema Desmond upesi. "Alama iko ndani ya kisanduku cha jina langu."

"Alama gani? Hayo ni makalio!"

"Ni makalio, lakini yako kwangu."

"Mtu akikupa makalio anakutukana, bwana!"

"Akinitukana ndani ya mstari, sheria inasema kanichagua."

"Ni kweli," alisema Bibi Pargeter. "Alama ikikaa kwenye kisanduku kimoja tu, inahesabiwa. Isipokuwa kama inamtambulisha mpiga kura. Hapo ninaitupa, mnabaki sawa, na tunapiga kura ya bahati. Yupo anayemjua mchoraji?"

Ndugu wawili waliinama. Wakamwona nyigu, wakatazamana.

Beryl alihisi shingo ikiwaka chini ya koti. Kumbe kamba ilikuwa imemchagulia! Neno moja tu la Keith lingeitupa kura ile, naye Beryl angekuwa ameaibishwa mbele ya mji mzima, na meza ya mama imevunjika.

Keith alifungua kinywa. "Mimi..."

"Unamjua, Bwana Sugden? Utueleze umemtambuaje."

Mwandishi wa gazeti la mji alisogea na kalamu yake. Keith alimtazama, akautazama mchoro. Kueleza maana yake ni kusimulia ile pikiniki ya kanisa ya utotoni, alipokalia kiota cha nyigu akavuliwa suruali na kupakwa siki mbele ya waumini wote. Yale makalio yalikuwa yake.

Akafunga kinywa.

"Simjui," alisema. "Ila ana kipaji."

Desmond alishikwa na kikohozi, na hivyo ndivyo alivyokuwa diwani.

Jumapili Beryl aliandaa sahani tatu. Desmond alikuja mapema. Kiti cha Keith kilikaa kitupu mpaka mchuzi ukaanza kuganda, ndipo mlango ukagongwa. Keith aliingia bila utepe, akabaki amesimama.

"Kwa hiyo ulimchagua huyu."

"Kamba ilikuwa fupi," alisema Beryl.

"Kamba gani?"

"Ya penseli. Nilitaka kuwachora wote wawili, haikufika kwako."

Keith alimtazama shingo. Haikuwa imeiva. Akavuta kiti, akaketi taratibu, kama mtu anayekagua kwanza kama hakuna nyigu, na kicheko kikamtoka.

"Basi diwani hakuchaguliwa na watu. Kachaguliwa na makalio yangu."

"Yamefanya kazi kuliko chama chako chote," alisema Desmond. "Nipitishie viazi."

"Mheshimiwa," aliuliza Beryl, "choo kinafunguliwa lini?"

Desmond alijifuta mdomo. "Unajua, dada, mambo haya yana taratibu zake. Kwanza itaundwa kamati, halafu, kwa vile Wahafidhina waliacha..."

Beryl alivuta kitambaa cha karatasi, akatoa penseli nyuma ya sikio, akachora duara moja. Akaanza la pili. Penseli hii haikuwa na kamba.

"Kesho!" alisema Desmond. "Kesho asubuhi naenda kuulizia ufunguo!"

"Mchoree na nyigu," alisema Keith, akijipakulia nyama.