Pini ya Mkono wa Kushoto

Godfrey aliiweka beji juu ya meza yetu ya kazi, lakini kidole hakukiondoa.

"Hii siyo niliyowaachia," alisema. "Siku nne zilizopita niliwaletea beji ya marehemu baba mlehemu pini yake iliyong'oka. Mmemimina nyingine, ya kwake mmeificha."

Baba yangu, Uthmani, amelehemu na kufua vito hapa Gitega miaka thelathini. Aliinama juu ya beji: mwavuli katikati, mbawa mbili pembeni. Godfrey akaigeuza. Baba akatazama upande wa nyuma, kisha akageukia koleo lake.

"Nani amekwambia ni bandia?" niliuliza mimi.

"Mwalimu mstaafu wa Mushasha, anakusanya beji za jeshi. Za askari wa miavuli ziligongwa kwa mashine Ulaya, na jina la kiwanda linasomeka nyuma. Haya, nisomee hapo, binti."

Herufi zilikuwepo, lakini zimefifia kama maandishi juu ya uji.

"Jumamosi tunamaliza kilio cha baba kule Gishubi," akasema. "Ukoo mzima utakuja kuiona. Msipoirudisha, nitasimama mbele yao nilitaje duka hili."

Akatoka kukaa kwenye benchi la nje, beji mkononi. Watu hutuachia pete za ndoa bila karatasi yoyote. Baada ya Jumamosi, nani angetuachia hata kishaufu?

"Papa, ni we ulifanya?"

"Mi nililehemu pini yake ile ile tu, Layla."

"Basi apa."

Baba huapa hata kwa bei ya vitunguu. Siku hiyo hakuapa. Nikamtazama kama mgeni.

Nilichukua kioo cha kukuzia nikamfuata Godfrey. "Ishike mwenyewe. Mi naangalia tu."

Ilikuwa imemiminwa kwenye kalibu, hilo halikuwa na ubishi. Lakini ncha za mbawa zililainika kwa kusuguliwa na vidole, na weusi uliojaa kwenye mikunjo ya mwavuli haupatikani kwa siku nne.

"Ni nakala, kweli. Ila ni ya zamani kuliko mimi."

"Uchafu hata mimi naweza kupaka."

Ndipo nikaiona pini. Ilikatwa kutoka spoki ya baiskeli, na kitanzi chake kimekunjwa kuelekea kushoto. Mafundi wote ninaowajua hukunja kulia. Mkunjo kama huo niliuona kila siku utotoni, kwenye kikuku cha harusi cha mama, kilichotengenezwa na fundi Shabani wa Muyinga.

Nikarudi ndani. "Papa, huu ni mkono wa fundi Shabani."

Baba alishusha pumzi. "Nilijua tangu nilipoishika kulehemu. Mais lakini mi nimtaje vipi mtu aliyenifundisha kushika koleo? Aitwe mwizi uzeeni?"

Godfrey alikuwa mlangoni. "Sasa mmepata wa kumtupia. Twende kwake, binti. Na simu yako nipe, usije ukampanga."

Nilimpa; baba, ambaye hana simu, alibaki dukani. Hadi Muyinga simu yangu ilikaa mfukoni mwake pamoja na beji, na mkono wake juu yake.

Mzee Shabani haoni vizuri tena. Aliipapasa beji kwa mkono wa kushoto, akacheka.

"Donc kumbe iko bado! Iko ya Leonardi, mshonaji. Alikuwa anashona nguo za askari kambini."

"Leonardi ni baba yangu, na alikuwa askari wa miavuli," alisema Godfrey.

"Leonardi? Aruke kutoka ndege? Yule aliogopa hata ngazi, we!"

"Mzee, huyu binti amekupigia simu?"

"Simu unayo wewe," nikamkumbusha.

Shabani alimwita binti yake, Salama, alete kopo la peremende. Ndani mlikuwa na kipande cha madini ya risasi chenye umbo la mwavuli na mbawa.

"Afisa mmoja aliniletea yake nimtengenezee pini. Kabla ya kumrudishia niliikandamiza kwenye udongo, nikatoa hii, na kwa hii nikatoa ya Leonardi. Vibaya, najua. Linganisha."

Godfrey alizilaza pamoja. Ufa mdogo kwenye bawa la kushoto ulikuwa kwenye zote mbili.

"Mwaka wa sabini na mbili, watu wakiuawa na kukimbia nchi," alisema mzee, sasa bila kucheka. "Leonardi alijishonea koti la kijeshi, mi nikamwekea beji. Kwenye kizuizi cha mpakani walimpigia saluti. Mke alikuwa na mtoto mgongoni, mtoto analia, na Leonardi anamfokea kama afisa kweli. Alinitumia barua toka Ngara, ng'ambo ya mpaka. Wote wazima, alisema."

"Mimi ndiye kifungua mimba," Godfrey alisema polepole. Kisha akatoa simu, akaifuta kwa shati lake, akanirudishia.

Njia nzima ya kurudi bado sikumwamini. Mtu aliyenyang'anywa baba shujaa anaweza kumlipizia kisasi yeyote.

Jumamosi, kule Gishubi, mimi na baba tulikaa mwisho kabisa, karibu na njia. Godfrey alisimama mbele ya ukoo, beji kifuani. Baba akanishika mkono.

"Niliwaambia nitalitaja duka," alianza, nami nikafumba macho. "Baba yangu hakuwa askari. Alikuwa fundi cherehani. Beji hii ilitengenezwa Muyinga na mzee Shabani, pini ikalehemiwa Gitega na Uthmani, yule pale nyuma. Kwa beji hii nilivushwa mpakani nikiwa mgongoni mwa mama."

Minong'ono ilipotulia, mwalimu wa Mushasha alinyanyuka, akaomba kuiangalia vizuri.

Godfrey alimsogezea kifua, beji hakuivua. Kidole chake kilibaki juu ya beji.