Kanga ya Warda Shambani kwa Mwani

Nimezunguka pwani hii toka Moa mpaka Mtwara nikiwapikia wavuvi. Kati ya wote walionilalamikia chakula, Mudrik ndiye niliyempenda kama wa kumzaa. Kijana wa Kilwa, mrefu, haogopi papa ila mende. Mwaka juzi tulikuja naye dago huku Ndagoni. Dago ni kambi yetu sisi wavuvi wa kuja: tunakaa msimu, samaki wakipungua tunaondoka. Vibanda vyetu vilipakana na ua wa makuti wa mzee Abdulhamidu, na ndani ya ua ule alikuwamo bintiye, Warda, mkulima wa mwani.

Kuti moja lilikuwa limeoza, likaacha tundu. Hapo ndipo Mudrik na Warda walipozungumza kila alasiri, mimi nachagua mchele, najifanya kiziwi.

"We mgeni, umekula?"

"Nimekula wali wa babu. Umeungua."

"Ukiungua si unakula tu. Kwani kwenu mnakula nini, mchanga?"

"Kwetu tunakula kwa wakwe."

"Basi utakonda." Na kipande cha mkate wa kumimina kikapita tunduni.

Mudrik akanituma nikampelekee posa. Nikaazima kanzu, nikaenda. Abdulhamidu alinipa kahawa, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Kijana ana adabu, sikatai," akasema. "Lakini dada yangu Shani aliolewa na mtu wa dago. Msimu ulipokwisha mume akaondoka, hakurudi hata kumpa talaka. Yumo humo ndani mpaka leo, si mke si mjane. Warda simtoi."

"Huyu si kama yule, sheikh."

"Na yule tuliambiwa si kama wengine."

Kesho yake kuti bovu likabadilishwa. Wale wawili wakatoboa jingine.

Wakakubaliana waende Kilindoni kwa kadhi, Warda aeleze kuwa baba anamzuilia ndoa. "Hatutoroki, babu," aliniambia kupitia tunduni. "Tunakwenda kusema, kisha narudi kumpikia mama." Wangekutana Jumatatu asubuhi shambani kwa mwani, maji yakiwa yametoka, maana msichana akienda huko hakuna wa kumuuliza. Bodaboda angewangojea barabarani.

Warda alitangulia. Roho ilimsuta kumwachia mama yake kazi yote, kwa hiyo akavuna kamba nne za mwani, na penye kamba ya tano akafunga kanga yake kwenye kijiti kinachoishikilia. Wanawake wa pale ndivyo wanavyofanya. Kanga kijitini maana yake nimeishia hapa, anayekuja aendelee. Kila mtu wa Ndagoni anajua. Sisi wa dago hatujui, mwani si kazi yetu. Kisha akapanda ufukweni penye mikoko, akanawa miguu, akavaa baibui, akakaa kivulini.

Mudrik alichelewa, wavu ulikwama mwambani. Zubery, mwenzetu, alimleta kwa ngalawa maji yakiwa yameshajaa. Zubery ndiye aliyenisimulia. Waliona kanga ya njano, ile aliyoinunua Mudrik mwenyewe, imefungwa kijitini, nusu iko ndani ya maji, mkondo unaivuta. Mudrik alijua Warda hawezi kuogelea. Akasema, "Amejifunga asichukuliwe na maji." Akaita jina lake mara mbili, akajitupa na nguo zake. Alizama mara tatu akatoka. Ya nne hakutoka. Kamba za mwani zilimzonga miguu.

Warda alisikia anaitwa. Akatoka kwenye mikoko anaweka sawa mtandio, anacheka, akidhani mwenzake ana haraka ya kadhi. Akamkuta Zubery anakata kamba kwa kisu. Akaingia majini mpaka shingoni. Wanawake waliokuwa wakirudi walimkamata, watatu, na bado aliwashinda nguvu.

"Niacheni," alikuwa akisema. "Ananitafuta mimi."

Tulimzika Mudrik jioni ile ile. Kilwa ni mbali, ndugu zake wasingewahi. Sheikh wa msikiti akauliza nani wa damu ya marehemu ashuke kaburini kumpokea. Sisi wa dago tukatazamana. Abdulhamidu akavua viatu, akashuka.

"Mleteni mkwe wangu," akasema, na mikono ameshainyoosha.

Nilimsindikiza kwake. Warda alikuwa amekaa kwenye mkeka na shangazi yake Shani, nywele bado zina chumvi. Hakuinua uso.

"Baba, umemlaza vipi?"

"Ubavu wa kulia, mama."

"Mchanga haukuwa na maji?"

"Ulikuwa mkavu. Nimeushika kwa mkono wangu huu."

Warda akautazama ule mkono kwa muda mrefu. Kisha akasogea, akampa baba yake nafasi ya kukaa.