Jozi ya Pili

"Buti nyeusi, jozi mbili," alisoma sajini wa stoo bila kuinua kichwa. "Hapa ipo moja."

Mke wa koplo alikuwa amesimama mbele ya meza tangu asubuhi. Kiti cha wageni kilikuwa kimekaliwa na mafaili. Kofia, mkanda, magwanda, shuka za kijivu: vyote alivifua, akavikunja, akavileta.

"Ya pili alikwenda nayo vitani, afande. Iko miguuni mwake."

"Na yeye yuko wapi?"

"Ninyi ndio mliomchukua."

Sajini alicheka puani. "Shemeji, ulimi huo uache nje. Miezi tisa hana kaburi wala barua. Vifaa visipotimia, sitii sahihi. Nisipotia sahihi, hapotei rasmi. Asipopotea rasmi, wewe na wanao hamna haki ya nyumba ya kambi. Mwisho Ijumaa."

Mfa maji haachi kutapatapa. Alhamisi aliuza cherehani yake, akazunguka mitumbani mpaka akapata buti za jeshi zilizolika visigino, saizi ya mumewe. Alizipaka rangi, akazisugua kwa kitambaa mpaka zikang'aa. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza tangu malori ya jeshi yaondoke, alijiona mjanja.

Ijumaa sajini alizigeuza, akazitazama soli.

"Zilikuwa wapi?"

"Uvunguni mwa kitanda, afande."

"Basi vimetimia."

Aliandika taratibu, kwa mwandiko mzuri wa mviringo, kisha akamgeuzia karatasi. Mwanamke aliisoma mara mbili. *Vifaa vyote vimekutwa nyumbani. Hakuondoka na kikosi. Mtoro.*

"Nilidanganya, afande! Hizi nimezinunua jana mitumbani!"

"Kumbe unanunua mali ya jeshi? Hilo nalo ni kosa. Niliandike?"

"Wewe mwenyewe ulimpandisha kwenye lori. Ulimtania, 'Koplo, ukirudi bila ndevu sikupokei.' Nilikuwapo."

Kalamu ilisita kidogo.

"Niliwapandisha wengi," alisema sajini. "Mtoro hana nyumba, shemeji. Weka kidole gumba hapa."

"Najua kuandika."

"Basi andika."

Mwanamke aliishika kalamu, akaitazama, akailaza juu ya meza. Sajini hakukasirika. Aliivuta karatasi, akaandika *Amekataa* palepale palipongoja sahihi ya mwanamke, akapiga muhuri. Ikawa halali.

Mwanamke alipofika kwenye safu ya nyumba za kambi, kitanda chake kilikuwa tayari kimewekwa kwenye majani. Wanawe wawili walikuwa wamekikalia, kila mmoja amepakata sufuria. Ndani, msichana mwenye hina mbichi mikononi alikuwa akipima dirisha kwa shubiri apate urefu wa pazia, akihesabu kwa sauti. Alipomwona mlangoni aliacha, akapiga goti kwa adabu.

"Shikamoo, mama. Mimi mgeni hapa, nimeolewa juzi tu. Baba yeye yuko kikosi gani?"